Mgeni wa Meza ya Nguzo

Bik-ha alishuka kumnunulia binti yake uji wa samaki, akarudi nao mbiombio, mfuko kaukumbatia kifuani. Jua la mtaa wa Sham Shui Po lilikuwa utosini. Wauza vitambaa walikuwa wakinadi kama kawaida yao, mashine za kupoza hewa zikidondosha maji juu ya vichwa vya wapita njia, naye hakuangalia kushoto wala kulia. Saa sita ilikuwa inakaribia. Zamani aliogopa giza kama watu wengine. Siku hizi aliogopa adhuhuri.

Lifti ilichelewa. Akapanda ngazi.

Lok-yiu alikuwa amelala chali, shuka limemfika kifuani. Huyu alikuwa msichana wa chuo, mcheshi, mwenye kicheko kilichowafanya majirani wagonge ukuta. Sasa mashavu yalikuwa yamebonyea na mifupa ya mabega imechomoza. Mama yake akafungua kopo la uji, akapuliza kijiko, akakisogeza mdomoni kwake.

"Kidogo tu, mwanangu."

"Baadaye, Mama," Lok-yiu akanong'ona. "Naitwa."

Macho yakajifumba.

Bik-ha akabaki na kijiko hewani. Pumzi za binti zikawa nzito, kisha nyepesi, kisha za kutegea sikio... Halafu mkono wa kulia ukasogea wenyewe mpaka kwenye ubao wa kitanda. Vidole viwili vikakunjika, vikagonga.

Tok. Tok.

Katika mji huu hata mtoto mdogo anaijua maana ya sauti hiyo. Ukiwa mezani, mwenzio akikumiminia chai, unagonga meza kwa vidole viwili. Ndiyo asante yako.

Kuna mtu alikuwa anammiminia mwanawe chai.

Taya likaanza kutafuna. Polepole, kwa adabu, kama mtoto aliyefundwa kula mbele ya wakubwa. Koo likapanda na kushuka. Chumba kikajaa harufu ya chai nyeusi iliyokaa sana kwenye birika, na ya kamba waliopikwa kwa mvuke. Nyuma yake kulikuwa na harufu nyingine... ya nguo mbichi zilizosahauliwa kabatini.

Lok-yiu alipoamka alijipangusa mdomo kwa kiganja. Hakukuwa na kitu mdomoni.

"Nimeshiba, Mama. Nimetoka kula na Bibi."

Bibi mwenyewe alikuwa amezikwa tangu mwezi wa tatu.

Bibi huyo ni Kam-ho, mama mkwe wake Bik-ha, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Kila Jumamosi, tangu Lok-yiu anaketishwa juu ya viti viwili vilivyopandanishwa ili aifikie meza, bibi na mjukuu walikwenda kunywa chai Mnara wa Korongo, mkahawa wa dimsam, vile vitafunio vya mvuke vya kunywea chai, ulioko ghorofani karibu na soko. Meza yao ilikuwa ileile, pembeni ya nguzo iliyochorwa korongo wa dhahabu. Baada ya mazishi Lok-yiu alikwenda pale peke yake, saa za chakula cha mchana, akakae tu mahali pa bibi yake. Alirudi akasema hana njaa. Na hakupata njaa tena.

Madaktari walimpima damu, wakampiga picha kichwa na tumbo, wakamtundikia dripu. Maji yaliingia, mwili ukazidi kukauka. Mwishowe daktari mmoja aliwaita wazazi pembeni akawaambia, kwa upole wa mtu asiyejua la kufanya, kwamba moyo wa binti unachoka, wakae naye karibu. Lok-yiu akaomba arudishwe nyumbani. Baba yake, Wai-hon, dereva wa basi, alisema ni majonzi, majonzi yatapita. Alisema hivyo, lakini aliacha kurudi nyumbani mchana. Hakuweza kulitazama lile taya.

Siku ile Bik-ha aliumwaga uji kwenye sinki, akachota kikombe cha mchele jikoni kwake, akatoka tena.

*

Bibi Ngan, mpandisha mizimu, aliishi nyuma ya duka la misumari. Hakuwa na ngoma wala mavazi. Alivaa aproni na kandambili, na runinga yake ilikuwa inaonyesha mbio za farasi bila sauti. Aliuchukua ule mchele, akaumwaga kwenye sinia, akauvurugavuruga kwa vidole huku akiuliza jina la marehemu na mahali alipozikwa. Akapiga miayo. Akapiga tena. Machozi yakamtoka bila kulia, na vidole vikaacha kutembea.

Kikohozi kilichomtoka hakikuwa chake. Bik-ha alikijua. Alikisikia miaka mingi kupitia ukuta wa chumba cha kulala.

"We msichana," ilisema sauti ya mama mkwe wake. "Mbona umekonda hivyo?"

Bik-ha akaanguka magotini. Akamwambia yote. Akambembeleza kwamba kama ana njaa atamchomea sadaka ya kila aina, kama ana upweke atakwenda kaburini kila wiki, kama kuna neno alilomkosea enzi za uhai wake basi amwadhibu yeye. Mtoto amwachie tu. Mtoto anakufa.

Kwenye runinga farasi walikuwa wanakimbia kimya kimya.

"Mtoto anakula na nani?" sauti ikauliza.

"Na wewe, Mama. Anasema anakula na wewe. Kila mchana, Mnara wa Korongo."

"Mimi sijarudi pale tangu nife."

Bik-ha akainua kichwa. Uso wa Bibi Ngan ulikuwa umebadilika. Ulikuwa na hofu, na hofu ile haikuwa ya mtu aliye hai.

"Bik-ha... nani amekaa kwenye kiti changu?"

Sinia likaruka, mchele ukatawanyika sakafuni. Bibi Ngan alizinduka akihema, akasimama palepale akafungua mlango. Hakutaka kuulizwa. Bik-ha alimshika aproni akamwambia hatoki mpaka aambiwe la kufanya, na mwanamke yule, akitazama barabarani badala ya kumtazama usoni, alisema kwamba mizimu ya usiku inaogopa jua, ila huyu anakula mchana kweupe katikati ya watu. Huyo hafukuzwi na kelele. Kama anataka roho ya mwanawe aifuate palepale mezani, na nguo ya mtoto mkononi, aiite kwa jina mpaka nyumbani.

"Na asikumiminie chai," akasema. "Akikumiminia, ukishukuru, umekubali."

Mlango ukafungwa.

*

Kesho yake Bik-ha alimwomba mumewe asiende kazini. Hakumweleza mengi. Alimwambia tu akae kando ya kitanda, na akimsikia anaita jina la mtoto kutoka kwenye ngazi, aitikie, "Amerudi." Wai-hon alifungua mdomo abishe. Akamwangalia binti yake, akaufunga.

Bik-ha alichukua fulana ya kulalia ya Lok-yiu, ile yenye jasho lake, akaikunja ndani ya mkoba.

Mnara wa Korongo ulikuwa umefurika. Alipopanda ngazi zenye zulia jekundu harufu zilimpokea zote kwa pamoja: mvuke wa vikapu vya mianzi, mafuta ya ufuta, figili ya kukaangwa, chai. Akina mama wa toroli walikuwa wakisukuma mizigo yao katikati ya meza wakitangaza vilivyomo, wazee wamejificha nyuma ya magazeti yao ya farasi, watoto wanagombea maandazi ya kastadi. Alikuwa na hamu na mahali hapa. Hilo ndilo lililomuumiza. Wakati Kam-ho yu hai, kuna Jumamosi alizofuatana nao, akakaa akiwasikiliza bibi na mjukuu wakicheka, akajiona ana bahati.

Mhudumu mzee aliyeitwa Mjomba Kau alimwona akamjia.

"Shemeji, siku nyingi. Mtoto hajambo?"

Bik-ha akasema anataka meza ya nguzo.

Mjomba Kau akaangalia zulia. Meza ile hawakalishi watu siku hizi, akasema, wanawekea vyombo. Wateja walikuwa wanalalamika. Wanakaa wanne, wanaanza kusikia baridi, birika linakauka kabla hawajanywa. Kuna meza nzuri karibu na dirisha, atampa hiyo.

"Mjomba, binti yangu anakufa," Bik-ha akasema taratibu. "Yuko pale. Nimekuja kumchukua."

Mzee yule hakucheka wala hakushangaa. Alikwenda akaondoa rundo la sahani, akatandika kitambaa cheupe, akavuta kiti. Na wakati anapanga vijiti, mgongo wake ukiwa umeelekea ukumbini ili wenzake wasione midomo yake, alimweleza.

Kulikuwa na ajuza mmoja, ambaye Bik-ha alimkumbuka kwa mbali. Jina hakuna aliyelijua. Alikuwa anakuja kila mchana, peke yake, anaagiza birika la chai na sahani moja, anakaa nayo. Mkahawa ukijaa watu huchangia meza, na ndivyo alivyokutanishwa na Kam-ho. Kam-ho alimsogezea kikapu, akamwambia kula na sisi. Kuanzia hapo kila Jumamosi akawa anawasubiri. Aliwaambia akina mama wa toroli kwamba Lok-yiu ni mjukuu wake, nao walijua si kweli, wakamwachia. Akamkatia mtoto nyama vipande vidogovidogo hata alipokuwa msichana mkubwa.

Halafu, mwaka juzi, alikufa. Palepale, kwenye kiti kile, siku ya katikati ya wiki, saa za chakula cha mchana. Kichwa kilikuwa kimeinama juu ya kikombe. Watu walidhani amesinzia. Meza iliketisha wengine, wakala, wakalipa, wakaondoka. Wakaja wengine, wakala...

"Nilijua nilipokuja kujaza birika," Mjomba Kau akasema. "Hakuna ndugu aliyekuja kumchukua. Mama mkwe wako alikuwa akimmiminia kikombe kila Jumamosi, anakiweka mbele ya kiti kitupu. Naye alipokufa... nani tena angemmiminia?"

Akaondoka haraka kama mtu anayeungua.

*

Bik-ha aliagiza vile alivyokuwa akiagiza Kam-ho: kamba waliofungwa kwenye unga mwembamba, miguu ya kuku, ubavu wa nguruwe wa maharage meusi. Vikapu vikaja vikapangwa. Akaiweka fulana ya Lok-yiu mapajani, akakamata ukosi wake, akangoja.

Saa ya ukutani, juu ya kichwa cha korongo, ilifika saa sita.

Kwanza kelele zikapungua. Midomo ya watu iliendelea kusema, toroli ziliendelea kupita, ila sauti zilikuja kwa mbali, kama zinatoka fleti ya chini. Kisha baridi ikampanda miguuni. Kisha akanusa...

Nguo mbichi.

Mbele yake hakukuwa na mtu. Viti vitatu vitupu. Lakini birika lilikuwa la chuma king'aavu, lenye tumbo la mviringo, na macho yake yalipoangukia pale akaona watu watatu.

Mmoja alikuwa yeye.

Wa pili, upande wake wa kulia, alikuwa Lok-yiu amevaa nguo za kulalia, kainamisha kichwa, anatafuna.

Wa tatu alikaa kwenye kiti cha Kam-ho. Alivaa blauzi ya Kam-ho, ile ya maua ya buluu waliyomzika nayo. Nywele zilichanwa kwa mtindo wa Kam-ho. Mikono yake ilikuwa inakatakata kitu vipande vidogo, vidogo sana, inavisogeza kwenye bakuli la mtoto. Uso ulikuwa umeelekea kwa mtoto. Bik-ha alishukuru kwamba hauoni.

"Mkwe wangu amekuja," mtu akanong'ona. Sauti ilitoka karibu mno, kama ndani ya kikombe.

"Mimi si mkwe wako, Bibi." Bik-ha akaibana fulana mapajani. "Mama mkwe wangu yuko kwingine. Wewe nakujua. Ulikuwa unakula nao."

Mikono ikaacha kukata.

"Kaa tule."

"Bibi, umekufa."

"Najua."

"Ulifia hapa hapa. Hawakujua, Bibi. Walidhani umelala."

"Najua," ule mnong'ono ukasema. "Niliwasikia wanatafuna."

Bik-ha alitaka kukimbia. Miguu ilikuwa yake, ingempeleka. Lakini ndani ya tumbo la birika aliona mkono wa Lok-yiu, mwembamba kama kijiti, ukinyanyuka kuelekea bakuli, naye akajua mtoto hatafika kesho.

Akachukua kikombe chake. Akasimama katikati ya ule umati wa saa sita mchana, akainama, akamwaga chai kwenye zulia. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Hivyo ndivyo anavyomiminiwa maiti. Hakuna anayefanya hivyo mahali watu wanapokula.

Ukumbi ukanyamaza kweli sasa. Mama mmoja wa meza ya jirani alimbeba mtoto wake akaondoka bila kumaliza. Mzee mmoja akateremsha gazeti. Mjomba Kau alisimama kwenye njia akazuia meneja kwa mkono.

"Hiyo ni ya chini," ule mnong'ono ukasema. "Nimeinywa sana ya chini. Mimi nataka ya mezani."

Na kwenye birika ile mikono ikamshika Lok-yiu kifundo cha mkono. Haikumshika kwa ukali. Ilimshika kama unavyomshika mtoto wakati wa kuvuka barabara.

Hapo ndipo Bik-ha aliposahau yote aliyoambiwa. Alikuwa ameishiwa. Hakuwa na dawa, hakuwa na mganga, hakuwa na mume wa kumsemea. Alikaa chini, akavuta lile birika, na kwa mikono miwili, kama mdogo anavyomhudumia mkubwa wake, akamiminia chai kikombe cha kiti kile. Ya mezani.

"Mwachie," akasema. "Yeye ni mtoto, hajaishi. Nitakula na wewe mimi."

"Kila mchana?" mnong'ono ukauliza.

"Kila mchana, Bibi."

"Hutachoka?"

"Nitachoka. Nitakuja hivyohivyo."

Uso ule ukaanza kugeuka kumtazama. Bik-ha akafumba macho. Alihisi baridi ikimpitia paji la uso, shavu, kidevu, taratibu, kama mtu kipofu anayekukariri. Halafu mezani, upande wa pili, kitu kikagonga.

Tok. Tok.

Alipofumbua macho kikombe kilikuwa kikavu.

Akaikumbatia fulana. Akasimama. "Lok-yiu, twende nyumbani," akasema, na akaendelea kusema, akishuka zulia jekundu, akivuka soko la samaki, akipita kwa wauza vitambaa. "Lok-yiu, twende nyumbani. Mama yuko hapa. Twende nyumbani." Watu walimpisha njia. Wazee walijua anafanya nini, wakawavuta wajukuu wao pembeni. Fulana ilikuwa imeanza kuwa nzito mikononi mwake. Alipofika ngazi za kwao sauti ilikuwa imekatika, akaita kwa pumzi tu, ghorofa baada ya ghorofa.

Mlango ulikuwa wazi. Wai-hon alisimama pale na uso umelowa.

"Amerudi," akasema. "Bik-ha, amerudi. Amekaa. Anauliza kuna nini cha kula."

*

Lok-yiu alipona. Ilichukua muda, uji kwanza, kisha wali, kisha siku moja majirani wakagonga ukuta tena kwa sababu ya kicheko. Aliyokumbuka hayakuwa mengi. Alisema kulikuwa na utulivu, na kwamba Bibi alikuwa mpole kuliko alivyokuwa duniani, na hakumruhusu kamwe ashike kisu.

Bik-ha alitimiza ahadi. Kila adhuhuri alikwenda meza ya nguzo. Mjomba Kau hakumwuliza kitu, alileta vikombe viwili. Wafanyakazi wapya walimcheka, wakamwita mama wa viti vitupu, mpaka wao wenyewe walipotumwa kujaza birika lile.

Kisha jengo likauzwa. Mnara wa Korongo ukafunga. Siku ya mwisho Bik-ha aliketi mbele ya kile kiti kwa muda mrefu. Alifikiria kuondoka tu. Alifikiria sana. Halafu akakumbuka kwamba anayekosa pa kula hutafuta, na nyumbani kwake kulikuwa na Lok-yiu, ambaye mgeni alimjua. Akanong'ona anwani yake, akamwambia mgeni njia ya kupita.

Tangu siku ile jikoni kwake palipangwa bakuli mbili kila mchana. Akipakua wali wa moto mbele ya kiti cha pili, mvuke ulikatika mara moja, kama mshumaa uliopulizwa, na punje zikakauka kama za jana. Ndivyo alivyojua mgeni ameketi. Wai-hon alijifunza kula kazini. Baada ya miaka akawa anamsalimu akipita mlangoni, kwa heshima, bila kutazama ndani. Bik-ha hakusafiri. Hakulazwa hospitali hata alipotakiwa kulazwa. Dada yake aliozesha mtoto ng'ambo ya mpaka, mwendo wa asubuhi moja, yeye akatuma zawadi. Na jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba siku nyingine alikuwa anazungumza pale mezani, mambo ya bei za sokoni, mambo ya magoti, akiwa haoni tena kwamba anazungumza peke yake.

Lok-yiu alimaliza chuo, akaolewa, akapata kazi ya uuguzi Melbourne. Alimsihi mama yake waende wote. Alilia. Alimwambia Mama, hapa una nini kinachokufunga?

"Nina mgeni," Bik-ha akasema. "Nenda, mwanangu. Ukiwa mbali ndiyo nitapumua."

Ndege iliondoka asubuhi. Bik-ha alimkumbatia binti yake uwanjani, akamkumbatia mkwe, akaweka kiganja juu ya tumbo la Lok-yiu lililokuwa limeanza kuonekana, akawaangalia mpaka geti likawameza. Kisha akakimbilia treni. Aliwahi. Akaosha mchele, akachemsha mboga, akamchoma samaki kwa tangawizi na vitunguu. Ilipofika adhuhuri alipakua bakuli mbili, akamimina chai ya mezani, akaketi.

"Karibu, Bibi," akasema.

Mvuke ulipanda kutoka bakuli la pili.

Akangoja. Barabarani muuza vitambaa alikuwa anapiga kelele. Mvuke ukaendelea kupanda, mweupe, ulionyooka, ukagusa taa ya jikoni, ukatawanyika. Bik-ha alisogeza kiganja juu yake. Wali ulikuwa wa moto. Alikiangalia kiti. Akajiambia huenda ameshiba hatimaye, huenda miaka yote hii imetosha na ajuza wa watu amekwenda kupumzika. Akajiambia hivyo mara nyingi.

Kisha akakumbuka ile blauzi ya mtoto mchanga aliyoiona kwenye mkoba wa Lok-yiu, ndogo ya kutosha kiganjani, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akizungumza pale mezani siku zote hizi, kwa sauti, kuhusu mtoto atakayezaliwa na mji atakaozaliwa.

Akachukua simu akampigia binti yake. Simu ilikuwa imezimwa. Ndege ilikuwa juu ya bahari.

Akampigia tena. Akampigia tena. Na mbele ya kile kiti wali uliendelea kutoa mvuke.